Jino la mbele limeng'oka, likarudishwa: je, liachwe au litolewe?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Siku sita zilizopita alikuwa anakimbizana na wenzake, akajikwaa, akaanguka kifudifudi kwenye baraza ya saruji mbele ya darasa. Jino moja la mbele la juu liling'oka lote na mzizi wake, na la pembeni yake likavunjika nusu. Mwalimu aliliokota lile lililong'oka akalifunga kwenye leso. Kipande cha lile lingine hakikuonekana. Mpaka nipigiwe simu, nipate bodaboda na tufike hospitali, zilipita kama saa mbili. Daktari wa meno alilirudisha jino mahali pake, akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani, akasema turudi baada ya wiki mbili waya utolewe na mzizi uanze kutibiwa. Alinieleza wazi kwamba jino linaweza lisidumu. Jirani yangu anasema jino likishang'oka limekufa, litamwozea mtoto kinywani, bora nilitoe mapema kuliko kutupa hela. Mdomo wa chini bado umevimba. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana, na mfikishie kijana pole yangu.

Naanza na mdomo, kwa sababu hilo ndilo la leo. Kipande cha jino hakikuonekana, na mdomo wa chini umevimba hadi siku ya sita. Mambo hayo mawili yakikutana, mimi huwa situlii. Mtoto anapoanguka kifudifudi, mara nyingi mdomo hubanwa kati ya meno na sakafu, na kipande kilichovunjika huzama ndani ya nyama, kisha kidonda kikajifunga juu yake. Nawa mikono, weka kidole cha shahada ndani ya mdomo wake na kidole gumba nje, upapase taratibu toka upande mmoja hadi mwingine. Uvimbe wa kawaida ni laini na hupungua siku hadi siku. Ukihisi kitu kigumu kama changarawe kwenye mchele, au akishtuka kwa maumivu ya kuchoma mahali palepale kila unapogusa, mpeleke kesho asubuhi. Usingoje siku ya miadi. Hata usipohisi kitu, piga simu hospitali uulize kama mdomo ulipigwa picha ya eksirei. Na ikiwa tangu aanguke ana kikohozi kisichokata au anapumua kwa mluzi, waambie bila kuchelewa, maana kipande cha jino huweza kuvutwa kwenye njia ya hewa, na hapo ni kifua kinachohitaji picha.

Niliwahi kuletewa binti wa miaka 9 katika wiki ya tatu baada ya kuanguka. Alikwisha kumeza dozi mbili za dawa za uvimbe. Nilipopapasa mdomo nikahisi kitu kinakwaruza chini ya ngozi. Tulimchoma ganzi, nikachana kidogo kwa ndani, kikatoka kipande cheupe cha pembetatu, kizima kabisa. Nilikisafisha, nikakilaza kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa dakika 20, kisha nikakipachika kwenye jino lake kwa gundi ya meno. Kilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Alama ya mwungano ilikuwa nyembamba kama unywele. Kwa hiyo kipande cha mwanao, popote kilipo, bado kina kazi. Waambie watoto wenzake wakitafute kwenye ile baraza na kwenye mchanga wa pembeni. Kikipatikana, kiweke kwenye maji safi au maziwa na uende nacho.

Sasa nije kwa jirani. Anakutakia mema, na nusu ya anachosema ni kweli, ndiyo maana maneno yake yanakusumbua. Nusu nyingine si kweli, na ndiyo ambayo ingemgharimu mtoto.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi hai, na jino limening'inia ndani yake kama kitanda cha kamba. Jino linapong'oka, utando huo huchanika. Sehemu hubaki kwenye shimo la ufizi, na sehemu hubaki imeshikilia mzizi. Seli zilizobaki kwenye mzizi ndizo zinazoamua hatima ya jino. Zikiwa hai, jino likirudishwa hushikana upya na shimo lake na linaweza kuishi miaka mingi. Zikikauka, hufa. Mwaka 1966 daktari Jens Andreasen wa Copenhagen na mwenzake walichapisha utafiti wa meno 110 yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa. Katika yale yaliyorudishwa ndani ya nusu saa, 9 kati ya kila 10 mizizi yake haikuonekana kuliwa na mwili. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa 2, karibu yote, asilimia 95, mizizi ilianza kuliwa. Siku hizi tunabana zaidi. Tunapenda jino lirudi ndani ya dakika 15 hivi, na likikaa katika hali ya ukavu zaidi ya dakika 60 tunahesabu kwamba seli zake zimekufa.

Jino la mwanao lilikaa kwenye leso kavu kwa saa mbili. Sitakudanganya: utando ule umekufa, na daktari wako alikuwa mkweli alipokwambia huenda lisidumu. Lakini aliporudisha jino alijua hilo, na alifanya sawasawa. Mimi ningefanya vilevile.

Kuoza anakokusema jirani kunatokana na kitu kingine. Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mishipa hiyo ilikatika siku ileile, na kwa mtoto wa miaka 11, ambaye ncha ya mzizi wa jino hilo kwa kawaida imeshajifunga, haiungani tena. Kiini kikiachwa humo kinakuwa uozo, vijidudu vinazaliana, sumu yao inapenya pembeni na kuamsha mwili uule mzizi kwa kasi. Ulaji wa namna hii ni mkali, ndani ya miezi michache tu mzizi unaweza kutoboka kama mhogo uliovamiwa na mchwa. Lakini huo ndio tunaoweza kuuzuia, na kinga yake ni ile kazi uliyoandikiwa: kusafisha ndani ya mzizi, kuweka dawa, kisha kuuziba. Inatakiwa ianze ndani ya wiki 2 tangu ajali. Umebakiwa na siku 8. Tafadhali usikubali zigeuke mwezi kwa sababu ya foleni, mitihani au nauli. Nimeshaona meno mengi yaliyorudishwa vizuri yakapotea kwa sababu mtoto hakuwa na maumivu, mzazi akadhani yamepona, wakaja mwezi wa nne ufizi umeota kijipu.

Usiogope neno kutibu mzizi. Jino hilo halina uhai ndani, kwa hiyo mtoto hasikii maumivu kama ya jino bovu. Kinachomsumbua ni kukaa mdomo wazi muda mrefu.

Ulaji wa pili ni wa polepole, na huo hatuna dawa yake. Kwa kuwa utando umekufa, mfupa hugusana na mzizi moja kwa moja, na mwili huanza kuuona mzizi kama sehemu ya mfupa wake. Mfupa, kama ujuavyo, haukai bila kujikarabati. Unakula kidogo na kujenga kidogo, kila siku. Basi unakula mzizi na kujenga mfupa mahali pake. Jino halilegei, halitoi harufu, haliumi. Linaganda. Ukiligonga kwa mpini wa kioo cha daktari linatoa mlio mkali kama wa bilauri, wakati meno ya jirani yanatoa mlio mzito. Miaka inavyokwenda mzizi unapungua, mpaka siku moja sehemu ya juu inakatika. Hiyo ndiyo njia ambayo jino la mwanao pengine litapita, na inaweza kuchukua miaka kadhaa.

Utauliza, kama mwisho wake ni kuondoka, faida iko wapi? Iko kwenye hiyo miaka. Mtoto wa miaka 11 taya lake bado linakua. Jino la kupandikiza, lile la skrubu ndani ya mfupa, haliwekwi mpaka ukuaji umalizike, na kwa mvulana hiyo ni mwisho wa ujana wake, karibu na miaka 20 au baada yake. Likiwekwa mapema linabaki juu wakati meno mengine yanashuka na uso unakua. Kwa hiyo kama ungelitoa leo, angekaa na pengo au jino la kuvaa na kuvua katika miaka yote ya shule, na mfupa wa pale, ukikosa jino, unanywea na kuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Baadaye, hata ukiwa na hela ya jino la kupandikiza, hakuna mahali pa kulipandikiza. Jino lililorudishwa, hata lililokufa, linashikilia mfupa, linazuia meno ya pembeni yasilalie pengo, na linampa mtoto tabasamu lake mwenyewe. Mtoto wa darasa la tano anayecheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja nimewaona wengi, na sitaki mwanao awe mmoja wao.

Kuna jambo moja utakalolifuatilia mwenyewe ukiwa nyumbani. Jino likiganda halishuki pamoja na wenzake. Kila baada ya miezi 6 mpige picha kwa simu akicheka, uso wa mbele, mahali penye mwanga. Ukiona ncha ya jino hilo inabaki juu kuliko ya jirani yake, na tofauti inazidi, mpeleke. Likiachwa sana linavuta ufizi na mfupa wa pale usikue. Hapo kuna upasuaji mdogo mzuri ambao wazazi hawaujui: hatuling'oi, bali tunakata sehemu inayoonekana na kuuacha mzizi humohumo chini ya ufizi, ugeuke mfupa taratibu. Kwa kung'oa jino lililoganda tungebomoa ukuta wa mfupa. Kwa kuliacha tunaokoa upana wake. Sehemu iliyokatwa inaweza kusafishwa na kugandishwa kwenye meno ya pembeni kwa muda.

Waya ule usikutie hofu. Umewekwa mwembamba makusudi ili jino litikisike kidogo. Likibanwa kama kwenye plasta ya mfupa linaganda upesi zaidi. Huku pwani, waya ukikosekana, hutumika mshipi mwembamba wa nailoni, uleule wa kuvulia samaki, ukagandishwa kwa dawa ya kuzibia meno, na miongozo ya kimataifa inaukubali. Unakaa wiki 2, unatolewa. Katika muda huo ale vyakula laini: uji, mtori, ndizi za kupondwa, wali bokoboko, samaki aliyechambuliwa miiba. Mahindi ya kuchoma, miwa na kufungua soda kwa meno, hapana. Apige mswaki kila baada ya kula, mswaki laini, apite hata penye waya, na asukutue asubuhi na jioni kwa dawa ya kusukutua ya kloreksidini kama mliandikiwa. Wazazi wengi huogopa kupagusa, uchafu unajaa pale, ufizi unavimba, na lawama inakwenda kwa waya. Dawa za antibayotiki, kama mlipewa, azimalize. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda, kwa sababu jino liligusa chini. Angalia kadi yake ya chanjo.

Kuhusu jino la pili, lililovunjika nusu, nina matumaini makubwa zaidi. Lenyewe mzizi wake uko mahali pake na utando wake uko hai. Mwambie aonyeshe pale lilipovunjika. Ukiona rangi ya njano tu, hapo ni dentini, tabaka lililo chini ya gamba gumu la jino. Lina vijitundu vingi vinavyoelekea kwenye kiini, ndiyo maana anashtuka kwa maji baridi. Lifunikwe mapema, hata kwa kuzibwa kwa muda, ili vijidudu visipite. Ukiona kitone chekundu katikati, kiini kiko wazi, na hapo watu wengi hukimbilia kuua jino zima. Si lazima. Mwaka 1978 daktari Miomir Cvek wa Uswidi alieleza njia ya kuondoa milimita chache tu za juu za kiini kilichoumia na kufunika kilichobaki kwa dawa ya kalisiamu haidroksaidi. Kati ya meno 60 aliyoyatibu, asilimia 96 yalipona, yakiwemo yaliyokaa wazi kwa wiki kadhaa. Jino likibaki na uhai linaendelea kuimarika, hilo ni jambo kubwa kwa mtoto. Kwa hiyo kama kiini kiko wazi na umeambiwa mishipa yote itolewe, uliza kwa heshima: "Daktari, haiwezekani kuokoa kiini?" Hakuna daktari atakayekuchukia kwa swali hilo. Vilevile, likipimwa kwa baridi leo lisihisi kitu, lisihukumiwe kuwa limekufa. Baada ya kishindo, jino linaweza kukaa hadi miezi 3 bila kuhisi na kisha likazinduka.

Nimefika kwa mwalimu, na hapa naomba usimlaumu. Aliliokota. Katika shule nyingi lingeachwa mchangani, kwa sababu sote tumekulia kwenye desturi ya kulirusha jino lililotoka juu ya paa na kuomba jipya. Desturi hiyo ni ya meno ya utotoni, na kwa meno hayo haina ubaya. Hilo la mwanao halina jipya linalokuja nyuma yake. Meno mawili ya mbele ya juu ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Mtoto wa chini ya miaka 6 akipoteza jino hapo, karibu daima ni la utotoni, na hilo halirudishwi kamwe, kwa kuwa kulisukuma juu kunaweza kuumiza lile la kudumu lililolala mfupani. La ukubwani utalijua kwa upana wake na kwa mzizi mrefu, na kama ni jipya ncha yake ina vijimeno kama vya msumeno.

Jino la ukubwani likitoka, mtu aliye karibu ndiye mwenye nafasi ya kuliokoa. Mimi hospitalini napokea alichofanya. Kama mtoto amezimia, anatapika au amechanganyikiwa, kichwa kwanza, jino baadaye. Kama yuko sawa, litafutwe, lishikwe upande mweupe wa kutafunia, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, limwagiwe maziwa au maji safi ya baridi kwa sekunde chache, bila kusugua, bila sabuni, bila spiriti. Kisha lirudishwe palepale kwenye shimo, upande uliotokeza ukitazama nje, lisukumwe kwa upole mpaka lilingane na jirani yake, na mtoto aume leso safi. Najua moyo unasita. Nimewafundisha walimu kwa mfano wa taya la plasta, na kila mara kuna anayetetemeka mkono, lakini akilisukuma na kulisikia limeketi, uso wake unabadilika. Shimo likiwa bichi halina maumivu makali kama watu wanavyodhani.

Wasipoweza, liwekwe kwenye maziwa. Maziwa yana chumvi na uzito unaokaribiana na wa mwili, kwa hiyo seli hazinywei wala hazivimbi. Maji matupu yanaingia ndani ya seli mpaka zinapasuka. Afadhali maji kuliko ukavu, lakini ni chaguo la mwisho. Maziwa ya pakiti ya dukani yanafaa kabisa, hata yale yanayokaa muda mrefu bila friji. Mtindi haufai, una uchachu. Chai ya maziwa haifai. Watu wa pwani huniuliza kuhusu maji ya dafu: yamejaribiwa maabara, majibu hayakubaliani kwa sababu nayo yana uchachu kiasi, kwa hiyo penye maziwa chukua maziwa. Kama hakuna chochote, mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino lilowe humo. Na jino lililosogea tu, limepinda au limeingia ndani lakini halijatoka, lisivutwe na mtu; liachwe hivyo hivyo, wakimbilie kliniki.

Mpelekee mwalimu maelezo haya, mkae naye, na mwombe mkuu wa shule pakiti moja ya maziwa ikae ofisini kando ya sanduku la huduma ya kwanza, ibadilishwe kabla muda wake haujaisha.

Kwenu nyumbani, andika tarehe ya ajali ndani ya jalada la daftari lake la kliniki. Waya na mzizi ni wiki ya 2. Kisha aonekane wiki ya 4, miezi 3, miezi 6, mwaka mmoja, na baada ya hapo kila mwaka kwa angalau miaka 5, na kila mara jino lipigwe picha hata kama haliumi. Mkihama mkoa, ombeni nakala za picha, kwa sababu daktari atakayefuata hawezi kujua kama mzizi unaliwa asipoona ulivyokuwa mwanzo. Na usiku huu, kabla hajalala, papasa ule mdomo.